Kapibara Namba Tatu

Kimisagara, Kigali
12 Septemba 1992

Kaka Jean-Berchmans,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sibomana mume wangu hajambo, karakana yake ya useremala inafanya kazi, ila siku hizi wateja wanaagiza milango yenye makomeo mawili, na hapo umeshajua mji ukoje. Watoto wanasoma. Mama mwambie kile kitenge nakivaa kila Jumapili. Nieleze yeye yukoje, maana barua iliyopita ulimpa mstari mmoja tu.

Sasa tuongee. Nakuandikia Kiswahili chetu cha mtaa wa Buyenzi kwa sababu Kifaransa chako huwa unakitumia kujifichia. Barua uliyomwandikia Dokta Bertrand kunihusu nimesomewa. Alinisomea mwenyewe, kwenye kituo chake cha utafiti wa mifugo pale Niboye, mimi nikiwa nimeshika beseni. Umemwambia kwamba mimi ni mzito wa kazi na kwamba tangu utoto nilikuwa sipendi kuamka. Wewe ndiye uliyenitafutia kazi hii, na sasa wewe ndiye unayenichimba.

Ngoja nikueleze hali ilivyo, maana uko Bujumbura na hawa wanyama hujawahi kuwaona. Kapibara wanne wamefika tangu Juni. Wana sura ya panya na uzito wa mbuzi aliyenona, wanapenda kukaa ndani ya maji, na watu wa Niboye wanakuja kwenye ua kuwashangaa. Dokta anataka kujua kama wanaweza kufugwa kwenye mabonde yetu na magonjwa gani yatawapata. Kila Jumamosi nawapima uzito, nawaangalia meno, nahesabu pumzi. Kurasa zako kumi na mbili za maagizo nimezibandika ukutani na nazifuata zote. Majani ya bondeni nayaanika juani siku tatu kabla ya kuwapa, kama ulivyosema, ili kuua minyoo ya ini. Mavi nayafagia kabla jua halijatoka.

Hata hivyo fizi zao zimekuwa nyekundu, na jike namba mbili anachechemea. Sikumpiga. Naomba jibu la mtu mwenye elimu, si la mtu anayekumbuka saa niliyokuwa naamka.

Mdogo wako,
Daphrose


Bujumbura
20 Oktoba 1992

Kwa mdogo wangu Daphrose,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, pamoja na shemeji yangu Sibomana na watoto. Sisi huku tuko salama. Mama hajambo, isipokuwa miguu inamuuma na anasema ni baridi ya ziwa. Kuhara damu kumeingia mitaa ya jirani, watu wamezikwa. Nyumbani kwangu hakujaingia, na hakukuzuiwa na bahati. Tangu Julai nimepiga marufuku matunda yote na kitu chochote kibichi. Mboga zinachemshwa saa nzima na magadi. Tunakula uji, ugali wa muhogo, maharagwe na ndagala wakavu, dagaa wa ziwani. Wapangaji wa nyumba ya pili walinicheka, na mwezi huu wametoa majeneza mawili.

Kuhusu wanyama, nimesikitika lakini sikushangaa. Miaka thelathini nimekuwa veterineri wa ng'ombe, na nimepasua maini mengi yaliyojaa minyoo kuliko kurasa ulizowahi kusoma. Majani ya bondeni ni sumu yakiwa mabichi. Fizi nyekundu ni uchafu wa vyombo, na mnyama anayechechemea amelala kwenye sakafu yenye maji, na sakafu ni kazi yako. Dokta aliniomba ushauri mimi. Wewe umeajiriwa kushika ufagio, na ufagio hauna maoni.

Nilimwambia Dokta ukweli kwa sababu jina langu ndilo lililokuingiza pale. Usinifanye nijute.

Kaka yako,
Jean-Berchmans Niyongabo


Kimisagara
29 Novemba 1992

Kaka,

Hatujambo. Bahasha yako ilifika imefunguliwa na kugundishwa upya, basi mtu fulani njiani naye anajua kwamba mimi ni ufagio. Kuanzia sasa nampa barua Libère, yule mfanyabiashara anayeleta ndagala sokoni Kabuga. Anapita mara mbili kwa mwezi na hana hamu ya kusoma.

Miguu ya Mama bado? Baridi ya ziwa haikuwahi kumshinda alipokuwa anafua pale ufukweni akiwa na mimba yangu.

Sikiliza jambo hili bila hasira, kama unaweza. Ua wa kituo umepakana na ua wa mama mmoja anaitwa Kaliza. Ana mpera ambao tawi lake limelalia upande wetu. Dume namba nne amegundua pa kusimama, na mapera yakianguka anayala yeye, wenzake anawafukuza. Huyo peke yake fizi zake ni safi. Huyo peke yake ameongezeka kilo mbili, wenzake wote wamepungua. Wanakula chakula kimoja, wanalala sakafu moja, wanafagiliwa kwa ufagio mmoja. Tofauti ni mapera.

Na hili la mavi. Asubuhi sana wanataka kula mavi yao ya kwanza, yale laini. Dokta amesema ndivyo walivyoumbwa, wanarudishia tumboni kile ambacho hakikumeng'enywa. Mimi kwa amri yako ninawaondolea.

Naomba ruhusa nibadilishe. Majani mabichi ya mlimani, si ya bondeni, na mapera mawili kila mmoja. Dokta amesema nikuulize wewe kwanza kwa sababu maagizo ni yako. Kwa hiyo nakuuliza.

Daphrose


Bujumbura
10 Januari 1993

Kwa mdogo wangu Daphrose,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote wa nyumbani. Krismasi tuliipitisha kimya. Kwaya nimewaachia vijana, sina tena nafasi ya mazoezi. Mama hakwenda kwenye misa, amechoka, amekaa kitandani siku nyingi. Ana madoa meusi mapajani kama mtu aliyegongwa, na hakumbuki alijigonga wapi. Fizi zinatoka damu akitafuna, kwa hiyo nimemwondolea ugali, sasa anakunywa uji tu. Ni uzee, kila mtu ataufikia.

Barua yako niliiona Desemba na nikaona afadhali hasira ipoe. Haikupoa. Mnyama mmoja anaokota matunda chini ya mti, na wewe tayari umepata nadharia. Sayansi haifanywi kwa kuchungulia ua wa jirani. Ruhusa sitoi. Jani bichi likiingia kwenye banda lile nitamwandikia Dokta siku hiyo hiyo akuondoe, na nitaeleza kwamba niliwahi kukuonya.

Jean-Berchmans Niyongabo


Kimisagara
14 Februari 1993

Kaka,

Sisi wazima. Kaskazini vita vimewaka tena, watu wamejazana nje ya mji na mikeka yao, na sijui kama Libère atapita kwenye vizuizi. Ndiyo maana nimempa barua hii pamoja na kikapu, ili akifika visifike nusu.

Jike namba tatu alikufa tarehe 30 Januari. Alikuwa na mimba. Dokta alimpasua mbele yangu mezani. Ini lake lilikuwa safi, kaka. Tulilikata vipande vyembamba na hatukupata mnyoo hata mmoja. Lakini chini ya ngozi palikuwa na damu iliyoganda, magotini damu, na meno ya mbele yalitoka kwa kuguswa na kidole. Dokta alichukua kitabu akanionyesha. Ni kiseyeye. Kapibara mwili wake hautengenezi ile vitamini iliyomo katika majani mabichi na matunda, lazima aile kila siku. Ng'ombe hutengeneza yake mwenyewe. Ndiyo maana miaka yako thelathini haikukuonyesha, na kwa hilo sikulaumu. Majani yakianikwa siku tatu vitamini inakufa. Mboga ikichemshwa saa nzima na magadi inakufa vile vile.

Nilimuuliza Dokta ni wanyama gani wengine wasioitengeneza. Akasema ni wachache. Akanitajia simbilisi, popo, nyani. Halafu akasema, "Na mimi na wewe, Daphrose."

Nilirudi nyumbani nikazitafuta barua zako za Oktoba na Januari. Zisome wewe mwenyewe, nakala zake unazo kichwani. Miguu inauma. Madoa meusi bila kugongwa. Fizi zinatoka damu. Amechoka. Umeandika ugonjwa wa namba tatu neno kwa neno na juu yake ukaandika jina la Mama.

Nimeacha ugomvi wa ufagio. Ndani ya kikapu kuna mapera ya Kaliza. Mpe Mama mawili asubuhi na mawili jioni, yaoshe kwa maji ya kuchemsha kama unaogopa kuhara, yaponde kama hawezi kutafuna. Ndani ya wiki mbili utaona. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti.

Daphrose


Bujumbura
5 Machi 1993

Daphrose,

Salamu kwa shemeji. Huku tuko salama.

Libère alileta kikapu. Nusu ya mapera ilikuwa na funza, nikayatupa yote chooni. Barua yako sikumsomea Mama na sitamsomea. Mwanamke aliyetuzaa hawezi kulinganishwa na panya wa Amerika aliyepasuliwa mezani. Nilidhani umekosa elimu tu, kumbe umekosa na adabu.

Kuna jambo jingine. Dokta ameniandikia. Anauliza, kwa upole wake ule, iwapo maagizo yangu yalikuwa na msingi, na anataka maelezo ya kifo cha yule jike kwa ajili ya ripoti yake. Kituo cha hapa Bujumbura ninachofanyia kazi kitapata nakala. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Utamwandikia Dokta kwamba hukufuata maagizo, kwamba ulibadilisha chakula bila ruhusa, na kwamba mnyama alikufa mikononi mwako kwa sababu hiyo. Ukiandika tofauti, huna kaka, na usije nyumbani kwangu hata Mama akifa.

J.-B. Niyongabo


Kimisagara
21 Machi 1993

Kwa Jean-Berchmans,

Umeandika "hata Mama akifa". Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na mwandiko wako umenyooka hapo kama kwingine kote.

Libère nimemkalisha kwenye kiti nikamuuliza kila kitu. Alisema, "Mama Daphrose, ule mukecuru iko anapungua sana. Alinionyesha meno mbili amefunga kwa kitambaa, akasema usimwambie muhungu wangu. Na mzee mwenyewe iko anaongea amefunika mdomo na mushwari, anasema ni mavumbi." Mukecuru ni bibi kizee, kama umesahau, na ni wetu; muhungu ni wewe mwanawe, na mushwari ni leso unayojifunika. Meno ya Mama yamo kwenye kitambaa na anayaficha ili usihuzunike.

Basi tufanye hivi. Karatasi unayoitaka nimeiandika. Inasema nilibadilisha chakula bila ruhusa na kwamba namba tatu alikufa kwa kosa langu. Nimetia sahihi, Sibomana ametia sahihi kama shahidi, na aligoma siku mbili kabla ya kukubali. Karatasi hiyo anayo Libère. Atakukabidhi siku atakapokuwa amemwona Mama kwa macho yake akila mapera safari mbili, na safari ya pili Mama aweze kusimama mlangoni bila kushikwa. Kabla ya hapo hakupi, hata ukimlilia. Nimemwapisha.

Usifikiri kwamba karatasi ni uongo mtupu, nisije nikajifanya mtakatifu. Ulivyochelewa kunijibu, Desemba nilianza kuwapa majani na mapera kwa siri. Nilimpa namba moja na namba mbili. Namba mbili sasa hachechemei. Namba tatu nilimwacha kwenye maagizo yako. Nilitaka awepo mmoja wa kukuonyesha, kila Jumamosi kilo ngapi, ili siku moja nikuwekee namba mezani na usipate pa kutokea. Nilimwona akishindwa kuingia majini. Nilimwona analalia ubavu. Siku aliyokufa nilikuwa nimemshika kichwa, na mfukoni mwa koti langu la kazi kulikuwa na mapera mawili. Sikumpa. Nilitaka kushinda, kaka. Nilishinda, na nikapata aibu ambayo haitoki.

Sasa wewe unataka kushinda kama mimi nilivyotaka, na aliyelalia ubavu ni Mama. Hilo ndilo pekee ninalolijua ambalo wewe hulijui. Chukua karatasi yako, mpe mapera.

Daphrose


Bujumbura
2 Mei 1993

Kwa Daphrose,

Nakusalimu wewe, shemeji Sibomana na watoto, nikitumaini kwamba Mungu anawalinda katika hali hiyo ya mji wenu.

Karatasi nimeipokea tarehe 28 Aprili kutoka kwa Libère, ambaye aliketi sebuleni kwangu kama askari wa forodha. Mama alikula mbele yake. Nimeituma kwa Dokta siku ya pili yake. Kwa upande wa sayansi msimamo wangu haujabadilika, na minyoo ya ini inaweza kujificha isionekane kwa mtu asiye na uzoefu. Kwa upande wa Mama, nimeona haina madhara kumpa tunda lililooshwa vizuri, na nilikuwa nimepanga kufanya hivyo hata kabla ya kelele zako.

Nakutakia maisha mema.

J.-B. Niyongabo


Kimisagara
23 Mei 1993

Jean-Berchmans,

Nimeachishwa kazi Jumatatu. Dokta alisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani. Akaniambia haiamini, lakini yeye hawezi kuweka kwenye ripoti anachokiamini yeye mahali pa kitu kilichotiwa sahihi, na waliomtuma wanataka jina. Nikamwambia aweke langu. Namba moja, mbili na nne wamebaki na msichana mwingine, Harriet, aliyekulia Uganda. Nimemfundisha pa kukata majani, na kwamba asubuhi asikimbilie kufagia. Maagizo yako yameng'olewa ukutani, zimebaki alama za gundi.

Sasa niko karakanani, napiga msasa vitanda vya Sibomana. Vidole vimeota malengelenge lakini naamka saa ile ile, mwambie yeyote atakayekuuliza.

Sikudai asante, ungenipa ningeirudisha. Nadai kitu kimoja. Usiniandikie tena salamu, wala jina la Bwana, wala shemeji, wala minyoo. Sitaki kujua msimamo wako. Kila mwezi niandikie Mama amekula nini, basi. Ukiongeza neno jingine lolote barua nitaichana kabla ya kufika chini.

Daphrose


Bujumbura
20 Juni 1993

Jumatatu: mapera mawili asubuhi, mawili jioni, kwa mkono wake.

Jumanne: mapera mawili. Mchicha wa lengalenga, dakika tano motoni, bila magadi. Aliomba chumvi.

Jumatano: chungwa moja. Maharagwe, yale mazima, yasiyopondwa.

Alhamisi: mapera matatu. Alitembea mpaka kwa wapangaji wa nyumba ya pili, akarudi na nyanya mbichi amezificha kwenye kanga. Nilimwacha azile.

Ijumaa: mapera mawili, ndagala, ugali.

Jumamosi: mapera mawili. Madoa ya mapajani yamefifia, yamebaki mawili ya rangi ya njano.

Jumapili: misa, kwa miguu. Njiani alinunua muwa, akautafuna kwa meno ya kulia mbele ya watu, akitema makapi barabarani kama msichana.

Kila siku kwenye sahani kuna mapera mawili ya ziada. Ni ya kwangu. Meno yangu mawili ya mbele yalitoka wiki ya Krismasi, moja kwenye ugali, moja mkononi. Kwaya sikuiacha kwa kukosa nafasi.

Hili sikupata pa kuliweka katika siku za juma. Kama umeshaichana barua, ni haki yako.